Bakuli la Mjukuu: Kisa cha Fundi Aliyepunguza Ugali Kabla Dawa Haijapunguzwa

Mgonjwa na nyumba yake

Ni mzee wa miaka hamsini na kitu, fundi seremala, ambaye ameishi Nakuru tangu ujana wake. Kwao ni Magharibi, mkewe ni wa Bonde la Ufa, na Kiswahili ndicho kimewalelea watoto. Nyumbani wako wanne: yeye, Mama, kijana wao wa mwisho na mjukuu wa miaka minne. Binti mkubwa yuko Nairobi, na ndiye hulipa yale mazito. Mambo madogo madogo nimeyabadilisha ili asitambulike hata na jirani yake.

Mimi ni afisa wa lishe katika kliniki ya sukari. Mzee hakuja kwetu kwa ajili ya sukari, alikuja baada ya kununua miwani ambayo haikumsaidia. Mstari wa penseli kwenye mbao ulikuwa unamcheza, akidhani ni uzee. Mama ndiye aliyetaja mengine: kuamka mara nne usiku, jagi la maji kando ya kitanda, suruali kulegea, na sisimizi kukusanyika chooni. Bibi zetu walijua maana ya sisimizi hao kabla ya maabara kufika huku.

Sukari yake siku hiyo, bila kujali alikula saa ngapi, ilikuwa milimoli 21.3 kwa lita. Kwa mtu mwenye dalili, 11.1 inatosha kusema ni kisukari. HbA1c, kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, ilitoka asilimia 11.4, na mstari wa ugonjwa ni 6.5. Uzito kilo 94. Figo zilikuwa sawa na mkojo haukuwa na ketoni, zile asidi zinazojitokeza mwili ukichoma mafuta badala ya sukari. Daktari alimwanzishia metformini gramu moja asubuhi na jioni, pamoja na glibenklamidi miligramu 5 asubuhi na jioni. Likumbuke jina hilo la pili.

Karatasi, kisha unga wa wimbi

Siku ya kwanza alipewa karatasi ya chakula. Nimeiona. Ilimwambia ale shayiri asubuhi, brokoli mchana na samaki wa salmoni jioni, na ikamwonya dhidi ya tambi. Sijui iliandikiwa nani, lakini si mtu anayepita Soko la Wakulima jioni na shilingi mia mbili mfukoni. Neno ugali halikuwemo hata mara moja.

Familia ikajaza pengo hilo kwa wanayoyajua majirani wote: mwenye sukari haruhusiwi ugali mweupe, ale wa wimbi. Kijana akaenda poshomili akasagiwa wimbi, mtama na muhogo. Mzee akala ugali huo kwa wiki tano, na kwa kuwa sasa ulikuwa dawa, akaula kwa moyo mmoja. Mama alimwongezea bila kuombwa.

Aliporudi, sukari ya asubuhi kabla ya kula ilikuwa 12.6, na saa mbili baada ya chakula cha jioni 17.8. Mama alikuwa karibu kulia. "Madam, mahindi hajayaonja tangu tarehe ile."

Unga wa mahindi, wimbi na mtama vyote hubeba takriban gramu 65 hadi 80 za wanga katika kila gramu 100. Muhogo hupita 80. Wimbi una nyuzinyuzi zaidi, una kalsiamu nyingi, na ni chakula kizuri. Lakini ukila kilima kilekile, mwili unapokea karibu sukari ileile. Aliyesema ugali wa wimbi ni bora hakukosea. Alisahau tu kutaja kiasi.

Siku ya mizani

Nilimwomba Mama aje na sufuria yake na unga wake. Nikamwambia amimine kama anavyomimina jioni, asiangalie mizani. Akamimina kwa mkono uliozoea, akatikisa, akaongeza konzi moja "ya mgeni", kwa maana huwezi kujua nani atabisha hodi. Mizani ikasoma gramu 700 na kitu. Nikamuuliza Mzee sehemu yake ni ipi. Akacheka, akachora kwa kidole hewani zaidi ya theluthi moja ya sufuria.

Hiyo ni kama gramu 250 za unga, yaani wanga wa gramu 187 hivi kwa mlo mmoja. Ukigeuza kuwa vijiko vya chai vya sukari, gramu nne kila kimoja, unapita vijiko 45. Mzee alinyamaza. Kisha akasema, "Na mimi nilikuwa najivunia kuacha sukari kwenye chai."

Chai ilikuwa jambo dogo. Siku yake ilianza na slesi nne za mkate, kama gramu 60 za wanga. Mchana kibandani zilikuwa chapati mbili na maharagwe, zaidi ya gramu 100. Jioni ndio ugali. Metformini ilikuwa ikipambana na karibu gramu 350 kwa siku.

Tulichoamua, na kwa nini

Sikumwambia aache ugali. Nilishawahi kumwambia mgonjwa mwingine hivyo, naye akaacha kuja kliniki. Mtu wa Magharibi aliyekula kuku na mboga bila ugali atakuambia amekaa na njaa mchana kutwa, na kwa namna fulani atakuwa anasema kweli. Tukalenga kama gramu 110 za wanga kwa siku. Chakula chenye wanga chini ya gramu 130 kwa siku huhesabiwa kuwa cha wanga kidogo. Kushuka hadi 30 au 50 ni jambo jingine, linalotaka uangalizi wa karibu ambao kwetu haupo.

Kipimo tulikitafuta ndani ya nyumba yao. Mizani ya jikoni ingekaa wiki moja kisha ikawekwa juu ya kabati. Mama akakumbuka bakuli la plastiki la mjukuu, la kijani. Tukalishindilia ugali mgumu, tukapima: gramu 120, wanga wa kama gramu 35. Akachora mstari kwa rangi ya kucha ya bintiye. Ugali unasongwa sufuria moja kwa wote, bakuli linashindiliwa mara moja, linageuzwa kwenye sahani ya Mzee, basi.

Nafasi iliyobaki kwenye sahani ilijazwa na vilivyokuwa kitoweo: managu, mrenda, kunde au sukuma wiki mara mbili ya zamani, omena au mbuta, mayai, kuku wikendi, parachichi nusu. Asubuhi mayai mawili na mboga iliyobaki, na chai ya maziwa bila sukari. Mchana kibandani, matumbo au samaki na kabichi, maharagwe nusu bakuli, bila chapati. Na ale mboga na nyama kwanza, ugali mwisho. Utaratibu huo peke yake hupunguza mruko wa sukari baada ya mlo. Mzee aliona huo ndio mgumu kuliko yote. "Sasa mboga nitaikamata na nini?" Tukampa uma.

Uamuzi wa pili ulikuwa kwamba nyumba nzima ile chakula kimoja. Sufuria mbili hudumu hadi mpishi achoke, na mpishi hapa ni mmoja, anayeamka saa kumi na moja kwenda kuuza mboga.

Siku ya tano

Haya niliyoyaeleza yalifanyika Jumanne. Miadi ya daktari ilikuwa wiki tatu mbele. Kosa linalofuata ni la kliniki yetu, na sehemu kubwa ni yangu: nilikata wanga wa mtu kwa theluthi mbili na sikuvuka korido kumwambia anayeandika dawa.

Glibenklamidi huisukuma kongosho itoe insulini, chakula kiwepo kisiwepo. Kipimo kilichowekwa kwa ajili ya chapati mbili na kilima cha ugali kilibaki vilevile, chapati zikaondoka. Jumamosi, saa tano asubuhi, Mzee alikuwa anapiga randa mlango. Kijana anayemfunza kazi aliona randa inakwenda pembeni, jasho linadondoka juu ya mbao, na mzee anamjibu maneno yasiyoeleweka. Akadhani amekunywa. Mzee huyu hanywi, na hilo ndilo lililomshtua kijana. Akapiga simu nyumbani.

Mama alimwambia amkalishe na ampe soda, ile ya kawaida. Chupa ya mililita 300 ina sukari ya gramu 30 na kitu, na aliweza kumeza mwenyewe, kwa hiyo ilikuwa sawa. Angekuwa amepoteza fahamu, asingetiliwa chochote mdomoni. Hapo ni kukimbizwa hospitali. Glukomita, ile mashine ndogo ya kupimia sukari, ilipofika ilisoma 3.1, na hiyo ni baada ya nusu chupa. Chini ya 4 ni hatari.

Kilichomwokoa ni kwamba Mama hakutosheka na soda. Alimpeleka kituo cha afya hata baada ya kuchangamka. Dawa hii hukaa mwilini, na sukari iliyopandishwa kwa soda inaweza kushuka tena baada ya saa chache. Ilishuka tena, saa nane, akiwa kitandani ambapo wangeweza kumwona. Walimkalisha hadi kesho yake. Glibenklamidi ikasimamishwa, metformini ikabaki.

Shemeji na mawifi

Sukari ilipona kwa siku moja. Nyumba ilichukua miezi. Habari ilifika nyumbani Magharibi kabla Mzee hajaruhusiwa kutoka, na ilifika hivi: mke anamnyima mwenzake ugali, mpaka ameanguka kazini. Dada zake wawili walikuja na unga. Sitanii, walikuja na unga wa mfuko mzima, wakapika wao wenyewe, na Mama akakaa sebuleni kwake kama mgeni.

Hili sikulitarajia, nami nimefanya kazi hii miaka mingi. Tunaposema familia isaidie, tunamaanisha mke apike. Hatujiulizi mke huyo atasimama na nani wakwe wakija. Daktari alikubali kuzungumza na kaka mkubwa kwa simu, dakika kama kumi, na maneno yaliyofanya kazi yalikuwa machache: "Kosa lilikuwa la dawa, na ni letu. Mama alifanya tulivyomwambia, na ndiye aliyemwokoa." Mwanamume huyo alinyamaza kidogo, kisha akasema atawaambia. Nadhani simu hiyo ilifanya kazi kuliko vipindi vyangu vyote vya lishe.

Daftari safi mno

Binti wa Nairobi aliposikia kuhusu Jumamosi ile, alifungua kundi la WhatsApp. Baba apime asubuhi na jioni, kijana apige picha ya glukomita, namba iingie kundini. Alinunua stripi za kupimia za miezi mitatu. Kwa nia ilikuwa huruma tupu.

Mwezi wa kwanza namba zilikuwa za kweli, nzuri na mbaya. Mwezi wa pili picha zikakoma kwa kuwa "simu ya kijana imeharibika", likabaki daftari. Mwezi wa tatu daftari lilikuwa la kupendeza: 6.2, 6.8, 6.5, 7.0, kalamu ile ile, mwandiko ule ule, kurasa mbili bila kufutwa hata mahali pamoja. HbA1c ikarudi 9.2, ambayo ni wastani wa kama 12.

Kabla hujamwita mtu mwongo, angalia damu. Upungufu wa madini ya chuma unaweza kupandisha HbA1c bila sukari kupanda. Selimundu, yaani sickle cell, na magonjwa yanayovunja chembe nyekundu huweza kuishusha, na huku kwetu, hasa kuzunguka Ziwa Viktoria, selimundu si jambo la kigeni. Kiwango chake cha damu kilikuwa 14.1, hakuna tatizo. Ndipo nikamwomba glukomita. Mashine hizi zina kumbukumbu. Nilibonyeza nyuma, taratibu, yeye akitazama dirishani: 13.9, 11.2, 14.6. Siku nyingine hakupima kabisa.

Sikusema kitu. Yeye ndiye aliyesema. "Madam, nikiandika kumi na tatu, simu inalia kabla sijafunga kalamu. Mtoto niliyemlipia karo ananiuliza nilikula nini."

Alikuwa amerudi kwenye chapati kibandani, moja, kisha mbili. Nyumbani bakuli lilifuatwa kikamilifu. Na kwa kuwa nyumbani alikuwa mtiifu, Mama hakuelewa kwa nini uzito haushuki.

Marekebisho

Tulikutana wanne, binti kwa simu. Nilitegemea mabishano, lakini alilia. Alikuwa anaogopa kupigiwa simu ya usiku, ndiyo tu. Tukakubaliana kwamba namba ni za Mzee, Mama na kliniki. Binti analipa stripi, na akipiga simu anauliza kazi na mjukuu.

Kupima tulipunguza hadi siku tatu kwa wiki, kwa jozi: kabla ya mlo, na saa mbili baada yake, mlo mmoja tofauti kila mara. Namba moja ya asubuhi haimfundishi mtu chochote kuhusu chapati. Jozi inamfundisha: 7.1 kabla, 13.4 baada, na kati yake kuna chapati mbili alizozila mwenyewe. Wiki ijayo, matumbo na kabichi: 7.0, kisha 8.3. Hiyo ndiyo hesabu aliyoielewa, kwa sababu ni hesabu ya fundi: pima, kata, pima tena.

Kijana ndiye aliyemaliza suala la kibanda. Alienda mwenyewe kwa mama wa kibanda, akamweleza, wakaafikiana bei ya sahani ya matumbo, kabichi na maharagwe nusu isizidi ile ya chapati. Nilikuwa nimepoteza miezi mitatu nikimhubiria Mzee nidhamu, na kumbe kikwazo kilikuwa shilingi thelathini.

Matanga tuliyazungumza peke yake, maana mwaka huo alisafiri mara nne. Huwezi kukaa kwenye msiba ukasukuma sahani ya watu. Akala mayai kabla ya kuondoka, akaanza na nyama na kabichi, wali akauonja, soda akaishika mkononi. Kwa jinsi alivyonieleza, chupa ile ile ilimtosha mchana kutwa na hakuna aliyeuliza.

Matokeo

Miezi sita baada ya kuanza, HbA1c ilikuwa 7.6. Mwezi wa tisa, 6.8. Uzito ulishuka hadi kilo 85. Sukari haijawahi kushuka tena chini ya 4. Desemba alienda nyumbani siku tano, akarudi na sukari ya asubuhi ya 11, na ikachukua siku kumi kutulia.

Aliniuliza kama amepona. Hapana. Ugonjwa husemwa umetulia HbA1c ikikaa chini ya 6.5 kwa angalau miezi mitatu baada ya kuacha dawa za sukari, na yeye bado yuko kwenye metformini. Ana ganzi ya vidole vya miguu ambayo haijaisha. Macho yalikaguliwa, yakaonekana na madoa ya mwanzo, atarudi kila mwaka. Mama amepungua kilo sita bila kuwa mgonjwa wa mtu yeyote.

Nilivyokiona kisa hiki

Bakuli lilifanya kazi kwa sababu halikumtaka mtu afikiri. Mama hakuhitaji kujua wanga ni nini, wala Mzee hakuhitaji kujizuia mbele ya sinia. Uamuzi ulikuwa umefanyika jikoni, kabla ya njaa. Kila sehemu ya mpango iliyotegemea kujizuia, kibanda kikiwa cha kwanza, ilianguka.

Lililokaribia kumuua lilikuwa lile lililofanikiwa. Ushauri wa wanga kidogo unaofaulu kwa mtu anayetumia glibenklamidi au insulini ni badiliko la dawa, hata kama aliyeutoa hana ruhusa ya kuandika dawa. Tangu siku ile, kwetu daftari la mgonjwa huvuka korido siku hiyo hiyo kabla hajatoka getini. Wanaotumia dawa za kundi la SGLT2, zile zinazotoa sukari kwa mkojo, wana hatari nyingine: asidi ya ketoni inaweza kupanda hata glukomita ikisoma vizuri, hivyo siwaanzishii mpango huu bila daktari. Wajawazito na wenye figo dhaifu nao wana mpango wao, si huu.

Kuhusu familia bado sina jibu lililonyooka. Upendo wa binti na upendo wa mawifi ulitoka mahali pamoja, na vyote viwili vilirudisha chapati. Wa kijana ulikwenda kujadili bei ya kabichi. Naona tofauti ilikuwa kwamba yeye aliondoa kazi mabegani mwa Mzee, na wengine waliongeza. Lakini ni nyumba moja, na sitaki kuifanya kuwa kanuni.

Gharama nazo zipo. Mayai na omena ni ghali kuliko unga, na mvua zikichelewa hata managu hupanda. Mama alifidia kwa kununua unga kidogo na kupanda mboga kwenye magunia nyuma ya nyumba. Asiyekuwa na nafasi ya gunia atapata shida nisiyoweza kuimaliza kwa bakuli.

Mwezi uliopita Mzee alileta daftari. Lina mafuta ya mbao na namba zilizofutwa. Katikati ya ukurasa kuna 12.4, na mbele yake ameandika kwa penseli ya kazini: *Harusi ya mpwa. Chapati tatu.*